Uzi: Wanawake wanne wa chuma wanaoinywesha Paris tangu 1872

Mpita_Njia

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa majengo ya kale kuna mwenzetu aliuliza: bomba la maji la umma lirembwe la nini? Maji si yatatoka tu? Nilimjibu kwa mstari mmoja nikaahidi kurudi na maelezo, kisha nikauweka mzigo kiporo. Leo naushusha. Nazungumzia vilula vya Wallace vya jijini Paris, na msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha ajipange: urembo wa vilula hivi haukuwekwa kujazia nafasi. Una kazi, na ndio uliovifanya vidumu.

Nianze na siku nilipokutana na kimoja. Mwezi wa nane, saa nane mchana, nimetoka kuzunguka Notre-Dame, koo limekauka. Nikavuka mto. Mbele ya duka la vitabu la Shakespeare and Company nikaona watu wanne watano wamesimama mstari kwenye kitu cha kijani iliyokolea, kirefu kuniliko. Nikajua ni mnara wa mashujaa. Kumbe bomba! Wanawake wanne wa chuma wamepeana migongo, mikono juu, wamelibeba kuba, na katikati yao uzi mwembamba wa maji unashuka kutoka kwenye kuba hadi kwenye beseni. Hakuna koki, hakuna kitufe, maji yanashuka tu. Dada aliyenitangulia akapenyeza mkono na chupa kati ya wanawake wawili, akakinga, na mlio wa maji ukawa unapanda kadiri chupa inavyojaa. Mimi sikuwa na chupa. Nikakinga viganja, nikalowa hadi viwikoni, nikanywa kama mtoto.

Nilipomaliza nikamshika mmoja wao kwenye pindo la vazi. Rangi imepakwa juu ya rangi kwa miaka mingi hata mikunjo ya nguo imekuwa minene kama ya blanketi. Chini kidogo kuna maandishi: Ch. Lebourg, 1872. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza.

Sasa historia. Majeshi ya Prussia yaliizingira Paris kuanzia Septemba 1870 hadi mwishoni mwa Januari 1871. Watu walikula farasi, paka na panya, na hata tembo wawili wa bustani ya wanyama, Castor na Pollux, waliishia buchani. Kuzingirwa kukaisha, yakafuata machafuko ya Commune, utawala wa waasi wa jiji, kuanzia Machi hadi Mei. Vumbi lilipotulia, mifereji mingi ya maji ilikuwa imeharibika, bei ya maji imepaa, na wachuuzi wengi walikuwa wanateka Seine, mto uleule uliokuwa ukipokea uchafu wa jiji. Maskini mwenye kiu akaona mvinyo wa bei chee uko karibu zaidi kuliko maji safi.

Hapo anaingia Richard Wallace. Mwingereza, kazaliwa London 1818, kakulia Paris. Mama yake alikuwa Agnes Jackson. Baba hakutajwa, ingawa wengi waliamini ni bwana mkubwa aliyekuja kuwa Markizi wa nne wa Hertford, ambaye Wallace alimtumikia miaka mingi kama katibu. Yule bwana hakuwahi kumkiri kuwa ni mwanawe. Alipofariki Agosti 1870, wosia ukafunguliwa: mali yote isiyofungwa na sheria ya ukoo kamwachia Wallace. Wiki chache baadaye jiji likazingirwa. Matajiri wenzake wakatimka, yeye akabaki, akagharimia wagonjwa na majeruhi kwa fedha zake. Watu wa Paris walimpenda hadi baluni moja ya posta iliyoruka tarehe 27 Januari 1871 ikaitwa jina lake. (Masikini baluni lenyewe lilipotelea baharini na rubani wake.)

Mwaka 1872 akaizawadia Paris vilula 50. Cha kwanza kilisimikwa Agosti mwaka huo, Boulevard de la Villette, mitaa ya wavuja jasho.

Naja na sehemu ya ubunifu, ngoja niweke chai.

Kibuyu_Kikavu

Nimekaa mkao wa kula. Shusha vitu mkuu.

Mpita_Njia

Nimerudi.

Wallace hakutoa hela akakaa pembeni. Masharti ya umbo aliyaweka mwenyewe. Kilula kiwe kirefu cha kutosha kuonekana kwa mbali, lakini kisiufunike mtaa. Kiwe kizuri na kitumike. Kiwe cha bei itakayoruhusu kutengeneza makumi. Na kiwe cha kitu kigumu, rahisi kutunza. Kazi ya kuchonga akampa Charles-Auguste Lebourg, mchongaji wa kutoka Nantes, na kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, akawapa Val d'Osne, kiwanda kikubwa cha sanaa za chuma mkoani Haute-Marne.

Tazameni chuma cha kusubu kilivyojibu hayo masharti. Ukichonga jiwe, kila sanamu ni kazi upya. Ukishapata kalibu ya chuma, sanamu ya hamsini inatoka sawa na ya kwanza na fundi hahitaji kuwa Lebourg. Kwa hiyo urembo mgumu, wa nyuso na vidole na mikunjo ya nguo, unalipiwa mara moja tu kisha unagawanywa kwa vilula vyote. Hapo ndipo naona Wallace alikuwa na akili ya biashara kuliko wanavyomsifu kwa huruma.

Kile kikubwa, cha aina niliyokutana nayo, kina urefu wa mita 2.71 na uzito wa kilo 610. Chini kuna tako la pembe nane, juu yake wanawake wanne, na juu kabisa kuba lililochongoka lenye magamba kama ya samaki, limepambwa na pomboo. Kijani kile kilichaguliwa kiendane na miti ya barabarani.

Wanawake wenyewe wana majina: Wema, Usahili, Ukarimu na Kiasi. Ukiwatazama haraka utasema ni mapacha wanne. Sio. Usahili na Kiasi wamefumba macho, Wema na Ukarimu wamefumbua. Halafu angalia goti lililokunjwa na vazi lilivyofungwa kifuani, kila mmoja na lake. Wamepewa hata majira: Usahili masika, Ukarimu kiangazi, Kiasi vuli, Wema kipupwe. Nilizunguka kile kilula mara tatu nikiwahesabu magoti, mlinzi wa lile duka akawa ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Huyo Kiasi msimpite hivihivi. Kumbukeni nilichosema kuhusu mvinyo. Karne ile wafadhili wengi wa vilula walikuwa na vita na ulevi, na huyu dada kasimama pale na macho yake yamefumbwa, anamwambia mlevi bila kumtazama usoni: maji haya hapa, bure.

Fundi_Koki

Mtoa mada, mimi ni fundi bomba, miaka kumi na sita kwenye fani. Umeandika vizuri lakini umepita harakaharaka penye utamu.

Ukisema maji "yanashuka tu bila koki", wasomaji watadhani ni uzembe. Koki ya umma ndiyo kitu cha kwanza kufa. Mtu anaikaza kwa hasira, mpira wa ndani unakatika, inavuja, anakuja mwingine anaing'oa kabisa akauze shaba. Uzi wa maji unaoshuka muda wote hauna cha kung'oa, na maji yanayotembea hayalali kwenye paipu. Hasara ni maji yanayopotea, hapo sibishi.

Na huo wembamba una maana. Mkondo mnene ukianguka kutoka juu vile ungerusha maji hadi kwenye viatu. Mwembamba unatua kimya.

Swali langu: nchi yenye barafu wanafanyaje? Maji yakiganda ndani ya chuma cha kusubu, chuma hicho hakipindi. Kinapasuka.

Mpita_Njia

Fundi umenifundisha, hilo la koki sikuwa nalo.

Barafu: kwa kawaida vinafunguliwa 15 Machi na kufungwa 15 Novemba, kwa sababu hiyohiyo uliyosema. Ukifika Desemba utawakuta wanawake wako, maji hakuna.

Bi_Saada

Wanangu, mimi swali langu ni la mama wa nyumbani. Enzi hizo hakukuwa na chupa za plastiki. Sasa watu walikuwa wanakunywea nini? Au wote walikinga viganja kama mleta uzi?

Mpita_Njia

Bi Saada, shikamoo.

Walikunywea vikombe vya chuma vilivyopakwa bati, vimefungwa kwa mnyororo kwenye kilula chenyewe. Viwili kwa kila kilula, mji mzima.

Bi_Saada

Marahaba. Yaani mlevi, mgonjwa wa kifua na mtoto wa shule kikombe kimoja? Hapana jamani.

Mpita_Njia

Ndiyo hivyo Bi. Na havikuanzia Paris. London walitangulia: chama cha kusimika vilula vya umma kilianzishwa 1859 na mbunge Samuel Gurney na wakili Edward Wakefield, na cha kwanza kikafunguliwa Aprili mwaka huo kwenye ua wa kanisa la St Sepulchre, Holborn. Nacho kilikuwa na vikombe vya mnyororo, na juu yake wakaandika agizo: rudisha kikombe. Miaka mitano tu nyuma, 1854, Dr John Snow alikuwa ameonesha kuwa kipindupindu cha Soho kilitoka kwenye pampu ya Broad Street. Wakubwa wakahangaika kupata maji safi. Mdomo wa kikombe hawakuufikiria, kwa sababu elimu ya vijidudu ilikuwa bado changa.

Walioamka mapema kwenye hilo ni Wamarekani. Mwaka 1908 profesa Alvin Davison alichunguza kwa hadubini vikombe vya shule na aliyoyakuta yakatangazwa, na 1909 jimbo la Kansas likapiga marufuku kikombe cha pamoja. Paris waling'ang'ania. Vikombe vya Wallace viliondolewa 1952, kwa amri ya watu wa afya.

Fundi_Koki

Naongezea hapo kwa Bi Saada. Ndiyo maana ukienda Portland, Oregon, utakuta vilula vya shaba nyeusi vyenye mabakuli manne, maji yanachupa kwenda juu, mtu anainama anakunywa bila kugusa kitu. Tajiri wa mbao Simon Benson alitoa dola 10,000 mwaka 1912 kwa ajili ya vilula 20, umbo likachorwa na msanifu A. E. Doyle. Wallace yake yanashuka, Benson yake yanapanda. Katikati hapo ndipo kikombe kilipokufa.

Mwalimu_Mstaafu

Nimesoma kwa utulivu. Kijana umeandika vema, ila umeanza hadithi katikati.

Lugha yetu yenyewe inaijua habari hii. Tunasema mtu kakisabilia kitu, yaani kakitoa kwa ajili ya Mungu, hadai tena. Neno hilo limetokana na Kiarabu, sabil, njia. Na Cairo, sabil ndilo jina la jengo la kugawia maji bure kwa wapita njia. Nenda barabara ya al-Muizz utaikuta sabil ya Abd al-Rahman Katkhuda, ya mwaka 1744. Chini kuna birika na madirisha ya shaba iliyosukwa, mhudumu alikuwa akimpitishia mpita njia kikombe cha maji, na ghorofani watoto walikuwa wakisoma Kurani. Istanbul, mbele ya lango la kasri la Topkapı, ipo ile ya Sultani Ahmed wa tatu, ya 1728: bomba kila upande, na kila pembe dirisha la kugawia maji, ukuta mzima mashairi na maua.

Kwa hiyo hoja yako kwamba urembo una kazi ni hoja ya zamani sana. Aliyesabilia maji alitaka mnywaji asome, amwombee dua. Ukuta ukiwa mtupu atakunywa aende zake.

Mpita_Njia

Mwalimu, hapo umenivua kofia. Kutumia neno kila siku na kutolijua asili yake ni jambo la aibu kidogo.

Ila oneni tofauti: sabil ina mtu ndani. Kilula cha Wallace kimemwondoa mtu, kikaweka wanawake wa chuma mahali pake. Nikifikiria hivyo naona kabisa wale wanne ndio wahudumu, hawachoki wala hawali mshahara.

Jicho_Kavu

Naona mnapigiana makofi, acha mimi nilete chumvi.

Moja. Hizo fedha za huyo msamaria zilitoka wapi? Ukoo wa Hertford ulikuwa na mashamba makubwa Ireland, eneo la Lisburn, na wapangaji ndio waliokuwa wakilipa kodi miaka nenda rudi. Mkulima wa Ireland katoa jasho, maji kanywa mtu wa Paris, sifa kachukua Wallace. Hata jina la kilula ni lake. Wafaransa ukitaka kusema bomba la namna ile unasema tu "wallace".

Mbili. Mtoa mada anasema urembo ndio uliovidumisha. Basi atueleze kile cha ukutani. Nimesoma kwamba kulikuwa na aina nyingine ya kubandika ukutani, nayo ina uso wa mwanamke anayetema maji, na nakshi pembeni. Leo vimebaki vingapi?

Kibuyu_Kikavu

Moto umewaka. Popcorn tafadhali.

Mpita_Njia

Jicho_Kavu, nakujibu la kwanza kwa ufupi: ni kweli. Niongeze tu kwamba Wallace alikwenda kuwa mbunge wa huko Lisburn kuanzia 1873 hadi 1885, na vilula akawapelekea pia. Kama hiyo ni fidia au ni kampeni, amua mwenyewe. Mimi naelekea kwenye kampeni.

La pili ndilo lililoninyima usingizi. Kimebaki kimoja. Kipo Rue Geoffroy-Saint-Hilaire, kando ya bustani ya Jardin des Plantes. Urefu mita 1.96, kilo 300, na kweli kina uso wa mwanamke wa majini na nguzo mbili bapa pembeni. Kizuri. Na wenzake wametoweka.

Kuna aina nyingine pia, ya nguzo. Hii ilikuja baadaye: ili kupunguza gharama, wale wanawake wakatolewa, zikawekwa nguzo nyembamba, kuba likabaki lilelile. Vilitengenezwa 30. Leo vimebaki viwili, kimoja Rue de Rémusat na kingine Avenue des Ternes. Wakati huohuo vile vyenye wanawake vipo zaidi ya 100 Paris pekee.

Kwa hiyo narekebisha kauli yangu. Nakshi peke yake haitoshi. Kile cha ukutani kina uso mmoja umegandamana na ukuta, ukipita kwa nyuma hukioni, na ukuta ukibomolewa nacho kinakwenda. Vile vikubwa vina miili. Unavizunguka, vina mbele kila upande, watu wanapeana ahadi hapo. Mtu wa manispaa anayetaka kukiondoa anaondoa watu wanne mbele ya mtaa mzima. Nguzo hakuna atakayezililia.

Na bado nasema wale wanawake wana kazi ya mikono. Nilipima kwa macho ile nafasi kati ya mmoja na mwingine: mkono wenye kikombe unapita vizuri, kichwa cha farasi sidhani. Kwenye jiji lililojaa farasi, hilo ni jambo kubwa.

Fundi_Koki

Hilo la farasi limekaa vizuri. London walimaliza kwa njia nyingine, chama chao kikaongeza mabirika ya mifugo kabisa, hadi jina la chama likabadilika. Kila mnyama na chombo chake.

Mchoraji_Asiyelala

Samahani kuingilia. Mimi ni mbunifu wa michoro. Ninyi mnasema kijani, mimi Paris nimeona kimoja chekundu cha kung'aa, mtaa wa 13, Avenue d'Ivry, kwenye maduka ya Wachina. Nikadhani macho yangu. Ni feki?

Mpita_Njia

Si feki mkuu. Mtaa huo wa 13 wamevipaka vingine rangi kwa makusudi, kipo na cha njano na cha waridi. Umbo ni lilelile, na kalibu bado zinatumika: kampuni iliyorithi kazi ya Val d'Osne inaendelea kuvisubu huko huko Haute-Marne. Watunzaji wa maji wa jiji, Eau de Paris, ndio wanaovihudumia.

Binafsi chekundu sijakipenda. Kijani kilikuwa kinawaficha kidogo, ukiwaona unajihisi umewagundua wewe.

Mchoraji_Asiyelala

Mimi nakipenda. Kwenye chekundu ndipo nilipoona kuwa mmoja kafumba macho. Kwenye kijani nilishapita mara kumi.

Bi_Saada

Mleta uzi, mjukuu wangu yupo huko masomoni. Nimemtumia huu uzi, kaniletea picha sasa hivi ya kile cha Montmartre, uwanja wa Émile-Goudeau. Yeye na wenzake wawili, kila mmoja na chupa yake. Nimemwambia chupa asiazimane na mtu.

Mpita_Njia

Bi, muulize yule dada aliye nyuma yake kwenye picha kafumba macho au kafumbua.

Bi_Saada

Kamfunika na kichwa. Nimemrudisha akapige tena.